Kisanduku cha kuundia atomu: nilichonunua Malindi

Mwezi uliopita nilinunua kisanduku cha kuundia vielelezo vya atomu katika duka moja la vitabu mjini Malindi, kwa shilingi 1,450. Nilimnunulia mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye alikuwa amekariri kwamba atomu ina kiini na elektroni lakini hakuweza kunionyesha kipi kiko wapi. Ndani mna shanga nyekundu 20 za protoni, nyeupe 20 za nyutroni na za buluu 20 za elektroni, pamoja na pete za waya na kijitabu chembamba.

Kwa kazi ya kuhesabu, kifaa hiki ni kizuri. Jioni ya kwanza, tukiwa barazani, kijana aliunda atomu ya sodiamu: alikusanya protoni 11 na nyutroni 12 katikati, akapanga elektroni mbili kwenye pete ya ndani, nane kwenye ya pili, na moja peke yake kwenye ya nje. Hiyo moja ilichomoka kila alipoinua waya. Yeye alikasirika, nami nikafurahi, kwa kuwa ndivyo sodiamu ilivyo: elektroni yake ya mwisho huitoka kwa urahisi. Tulipounda klorini, ambayo pete yake ya nje ina elektroni saba na hupungukiwa moja ili zitimie nane, aliiokota ile iliyoanguka akaipachika huko bila kuambiwa. "Mjomba, kumbe hii ndiyo chumvi ya Gongoni!" akasema, maana sodiamu na klorini zikiungana huwa chumvi ya kawaida, na Gongoni, jirani na Malindi, hutengenezwa chumvi.

Maandishi ya kifuniko yanadai kwamba elementi zote 20 za mwanzo zinaweza kuundwa, jambo ambalo si kweli. Agoni ya kawaida ina nyutroni 22, kwa hiyo tuliazima shanga mbili za mkufu wa dada uliokatika. Vipimo navyo vinapotosha, ingawa sijui kisanduku gani kingeweza kuvitimiza: kama kiini cha sodiamu kingekuwa na upana wa sentimita mbili, elektroni ya nje ingekuwa karibu nusu kilomita kutoka barazani petu.

Lawama yangu kubwa ni kwa kijitabu. Kinaeleza vizuri kwamba Dalton, mwanzoni mwa karne ya 19, aliichukulia atomu kuwa chembe isiyogawanyika, na kwamba Thomson aligundua elektroni mwaka 1897, akaja kuifikiria atomu kama mkate wa mayai wenye zabibu kavu ndani yake. Baada ya hapo kinamtaja Rutherford kwa sentensi moja, nacho kinamhesabia hata ugunduzi wa nyutroni, uliofanywa na Chadwick mwaka 1932. Jaribio lililoanza Manchester mwaka 1909 halimo kabisa. Geiger na Marsden, waliofanya kazi chini ya Rutherford, walirusha chembe za alfa, yaani chembe ndogo zenye chaji chanya, kwenye dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno. Karibu zote zikapenya, chache mno zikarudi nyuma. Kutokana na hizo chache, Rutherford alieleza mwaka 1911 kwamba chaji chanya na karibu uzito wote wa atomu vimo katika kiini kidogo sana. Bila habari hiyo, mtoto hana sababu ya kukubali kwamba shanga nyekundu zikae katikati.

Ningekinunua tena kwa bei hiyohiyo. Kijitabu nimekirekebisha kwa kalamu, na ukurasa wa Rutherford nimeuandika upya kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya kifuniko.