TAHADHARI: wanapita majumbani na "ruzuku ya serikali" ya kutengeneza paa na hita

Jamani naomba msome hii, hasa kama una mama au shangazi anaishi peke yake kwenye nyumba yake huku Marekani. Shangazi yangu ana miaka 67, yuko Ohio kamji kadogo tu, paa linavuja tangu mwaka jana na hela ya fundi hana. Alhamisi wakaja watu wawili, mmoja kijana anaongea Kiswahili safi kabisa, shikamoo mama, akaomba na maji ya kunywa. Hapo ndo walimpata.

Wakamwambia serikali inawatengenezea nyumba wenye kipato kidogo, bure, ila ada ya fomu ni dola 400 na ilipwe kwa zile kadi za zawadi za dukani. Wakashuka besimenti wakarudi na picha kwenye simu, eti hita imepasuka inavujisha karboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, mama utafia usingizini, saini hapa kwenye tableti. Akasaini. Jumamosi nilipofika nikaiangalia ile picha. Marehemu mume wake alikuwa anaandika kwa maka peni ubavuni mwa hita kila tarehe aliyobadilisha filta, maandishi yapo mpaka leo, na hita ya kwenye picha haina hata herufi moja! Fundi wa kampuni ya gesi akaja na kipimo chake, hakukuta kitu.

Mkataba waliomtumia kwa emeli sio ruzuku, ni mkopo, nyumba imewekwa rehani. Sheria ya huku inakupa siku tatu za kazi kuvunja mkopo wa namna hiyo, Jumamosi inahesabiwa Jumapili haihesabiwi, kwa hiyo Jumatatu asubuhi tulikuwa posta na barua ya kuvunja. Tuliwahi. Zile 400 ndo zimeenda.

Na kinachoniuma zaidi, msaada wa kweli upo. USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, wana mpango unaitwa Section 504 kwa wenye kipato cha chini sana vijijini na miji midogo: ukiwa na miaka 62 au zaidi na huna uwezo wa kulipa mkopo, unapata ruzuku hadi dola 10,000 ya kuondoa hatari za kiafya na kiusalama nyumbani, na kwa wanaoweza kulipa kuna mkopo hadi dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1, miaka 20. Fomu haina ada. Ukiuza nyumba kabla ya miaka 3 ruzuku unairudisha, basi. Mjini piga 211 uulize mipango ya matengenezo ya eneo lako.

Ila kengele ya karboni monoksaidi ikilia kweli usibishane nayo, ile gesi haina harufu, toka nje upige 911.

Namba waliyomwachia haipatikani. Kama wamepita kwenu na picha ya hita njoo inboksi, nakusanya tupeleke malalamiko pamoja kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Shangazi bado anakinga maji kwa beseni sebuleni, fomu ya kweli tumeipeleka juzi.