Kikapu cha Shambani Wakati wa Masika: Uzoefu Wangu Arusha

Mwezi Machi nilijiunga na mpango wa wanachama wa shamba moja la mboga lililoko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru. Mwanachama hulipa fedha za msimu mzima mwanzoni, wakati miche mingine ingali kitaluni, kisha kila Jumamosi hupokea kikapu cha chochote kilichovunwa wiki hiyo. Nililipa shilingi 240,000 kwa wiki 12, yaani shilingi 20,000 kwa kila kikapu. Fedha hiyo ingeninunulia mboga nyingi zaidi katika soko la Kilombero mjini Arusha, na mume wangu hakuacha kunikumbusha.

Mboga za majani ndizo zilizonifanya nisijute. Mnafu, loshuu na majani ya maboga vilichumwa alfajiri na kufika kwenye kituo cha kuchukulia vikapu kabla ya saa nne asubuhi, na mnafu ulikaa siku nne kwenye jokofu bila kunyauka, ilhali ule ninaonunua sokoni jioni huwa umelala kesho yake. Ngogwe zilikuja nyingi kupita mahitaji yetu, hata nikawa nazigawa kwa majirani. Shamba halina nembo ya Kilimohai, ile inayothibitisha mazao ya kilimo hai, na nilipouliza sababu, msimamizi alinijibu bila kuzunguka kwamba hawajaomba ukaguzi. Hata hivyo alituruhusu kupita kati ya matuta siku yoyote ya kazi na kuona samadi na mboji wanayotumia. Nilikwenda mara mbili, nikaridhika.

Mgogoro ulikuwa kwenye nyanya. Mvua za Aprili zilipokaza, ukungu ulishambulia shamba zima, na kwa kuwa hawapulizi dawa kali, kuanzia wiki ya tano hadi ya nane hatukupata hata nyanya moja. Huo ndio wakati ambao nyanya hupanda bei kila soko la Arusha, kwa hiyo nilijikuta nikitoa fedha mfukoni kununua kitu ambacho nilidhani nimekwisha kukilipia. Niliposoma upya karatasi ya makubaliano niliona kwamba kosa la kuelewa lilikuwa langu: imeandikwa waziwazi kuwa mwanachama anabeba hasara ya msimu pamoja na mkulima. Mashamba mawili ya Marekani yaliyoanzisha mipango ya namna hii mwaka 1986, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalijengwa juu ya wazo hilohilo, kwamba mwanachama hanunui kilo za mboga bali anagharimia shamba liendelee kulimwa.

Ninachowalaumu ni ukimya wao. Wiki mbili zilipita tukifungua vikapu na kukuta karoti na njegere mahali pa nyanya bila neno lolote, mpaka wanachama walipoanza kulalamika ndipo ujumbe wa simu ukatumwa. Mtu aliyekupa fedha ya miezi mitatu mapema anastahili kuambiwa siku ileile majani yanapoanza kuwa na madoa, na ujumbe mmoja ungetosha kuzuia manung'uniko yote yale. Baada ya hapo walijirekebisha, na kila Ijumaa jioni sasa tunaletewa orodha ya kitakachokuwamo kikapuni, jambo linalonisaidia kupanga mapishi ya wiki.

Kwa familia ya watu wanne kama yetu, kikapu kizima ni kikubwa mno iwapo hamli mboga za majani kila siku. Kwa msimu unaofuata nimelipia nusu kikapu, nikagawana na jirani yangu ambaye anapenda ngogwe kuliko mimi, na fedha ya nyanya nimeiweka kando kwa ajili ya Kilombero.