TAHADHARI: Jamaa anauza injini ya ndege "na propela yake juu", sisi keshatupiga

Wakuu habari za saa hizi, naandika haraka haraka maana jana usiku nimeona zile picha za tangazo lake zimerudi tena, jina jipya, namba mpya, injini ileile iliyotutoa machozi.

Tuko watatu hapa Morogoro, tunajenga kindege cha viti viwili cha mtindo wa CH 701, mabawa na bodi tumeshapiga ribiti tangu mwaka jana, imebaki injini tu na ndo inayokula hela kuliko vyote. Rotax 912 ULS mpya, ile ya farasi 100, inapita dola 20,000 kabla hujalipia usafiri, sasa mi fundi gereji nazitoa wapi. Tukaingia kwenye mtumba, huko ndo tukakutana na huyu bwana.

Maneno yake matamu balaa. Injini imetoka kwenye ndege ndogo Afrika Kusini, imetembea masaa 310 tu, na propela ya mbao anakupa bure kwa sababu "zimeshazoeana". Kaomba milioni 14, advansi 8. Mzigo ulipofika Dar akakataa kreti isifunguliwe mpaka tummalizie hela yake, eti lakiri ikikatwa kabla ya malipo forodha watatusumbua, na sisi kwa kiherehere tukalipa. Juu ya hapo akachukua milioni 1.2 ya "kibali cha TCAA" (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), akatutumia barua kwenye simu. Vibali vya TCAA unaenda kuomba mwenyewe wakuu, haviji na injini kama chaja ya simu.

Tumefungua kreti nyumbani. Propela kwanza (wife anaiita pangaboi, na kwa hii nilikubaliana naye). Kitovuni imegongwa 54, yaani inchi 54 kipenyo, hiyo ni saizi ya injini za Volkswagen ambazo propela inafungwa moja kwa moja kwenye krenki (shafti kuu ya injini), hamna giaboksi, inazunguka raundi 3,000 na ushee kwa dakika ndo maana wanaiweka fupi, ukiirefusha ncha zinaanza kukaribia spidi ya sauti unabaki na makelele bila mvuto. Rotax ni kinyume chake, krenki inakimbia 5,800 lakini giaboksi inashusha, kwenye propela inabaki kama 2,390 hivi, inataka propela ndefu, kwenye kindege kama chetu watu wanafunga inchi 68 hadi 72. Ukiweka hiyo fupi injini inapaa raundi kupita kiwango na ndege imesimama palepale. Sasa kilichoniogopesha zaidi ni mashimo: yako 12, sita ya asili na sita katoboa kwa drili ya mkono ili iingie kwenye flanji ya Rotax (sahani ya mbele inapofungwa propela), na kati ya shimo na shimo mbao imeshaanza ufa kama unywele. Hicho kitu kikiachia uko juu sijui unaanzia wapi.

Injini nayo. Vifuniko vya valvu ni vya kijani kama ULS, nikakwangua na kisu chini ni vyeusi. Tukafungua kichwa tukapima silinda na vernia, 79.5 mm. ULS ni 84. Kwa hiyo tumeuziwa 912 UL, farasi 80, imepakwa rangi! Mzee mmoja akaja na dayali geji (ya kupima kama shafti imepinda), akaweka kwenye flanji ya propela, sindano ikacheza, akasema hii injini propela yake iligonga chini ikizunguka. Injini ikigonga hivyo giaboksi lazima ifunguliwe na krenki ikaguliwe, kwenye logibuku (daftari la kumbukumbu za injini) hamna hata mstari, ni miaka 11 ya kalamu moja na mwandiko mmoja.

Kama bado mnanunua mtumba, ombeni namba ya injini KABLA ya shilingi yoyote, kisha angalieni taarifa za mtengenezaji zinazotaja namba hizo. Ombeni video kolu sio video ya kurekodi, azungushe propela kwa mkono mkiona, afungue plagi ya sumaku (inayonasa vumbi la chuma kwenye oili) mwone ina vyuma au safi. Ulizeni mwaka wa kutengenezwa maana hizi zina kikomo cha miaka pia sio masaa tu, na mipira inabadilishwa kila miaka 5 hata kama ilikaa stoo. Propela nunueni kivyake, mpe muuzaji aina ya injini, uwiano wa giaboksi na spidi ya ndege yako, asipokuuliza hivyo vitu mwenyewe hajui anachouza.

Polisi tumeripoti, tuna RB, yeye katubloki wote watatu. Jina anabadilisha ila picha habadilishi: kreti ya bluu, injini imewekwa juu ya zulia la maua mekundu, pembeni kuna ndoo yenye rangi ya kupaka, ya kijani. Ndo rangi hiyohiyo aliyopaka vifuniko.