Dawa Ipi Ununue kwa Wadudu Wanaoshambulia Mimea Inayokula Wadudu

Mmea unaokula wadudu hauna kinga dhidi ya wanaofyonza utomvu wake, kwa kuwa vidukari hujibanza kwenye chipukizi, ambako mitego bado haijafunguka. Majani mapya ya Dionaea, mmea ambao jani lake hujifunga kama mtego, yakichomoza yamejikunja, na katikati yake pakaonekana vigamba vyeupe mithili ya unga, vidukari wamekwisha kuingia. Vigamba hivyo ni ngozi wanazojivua wanapokua. Utitiri, kwa upande wake, huacha vidoa vingi vilivyopauka na utando mwembamba. Ndiyo maana ningeanza kwa kununua lenzi ya kukuza mara 10 kabla ya dawa yoyote: utitiri una miguu minane, si mdudu, na dawa nyingi za wadudu haziuathiri.

Kwa vidukari, tiba ninayoiweka mbele ya zote ni maji ya mvua au yaliyokenekwa, yasiyo na chumvichumvi. Dionaea au Sarracenia ndogo (mmea wenye majani ya mfano wa bomba) huzamishwa yote pamoja na chungu chake kwa muda wa siku mbili hivi, nao wadudu hufa kwa kukosa hewa. Drosera, mmea unaonasa wadudu kwa ute unaonata, hupoteza ute wake, lakini huutengeneza tena. Nepenthes, yenye mitego ya mfano wa vibuyu vinavyoning'inia, nisingeizamisha.

Wakirudi, nunua dawa ya wadudu iitwayo imidaklopridi, ambayo hufyonzwa na mizizi na kusambaa katika utomvu, hivyo huwafikia hata vidung'ata (wadudu wengine wadogo wanaofyonza utomvu) waliojificha kwenye makwapa ya majani. Hapa lebo isomwe kwa makini kuliko bei, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huuzwa zikiwa zimechanganywa na mbolea, na mbolea kwenye udongo huweza kuunguza mizizi ya mimea hii iliyozoea udongo fukara. Kwa utitiri, dawa hiyo ni fedha iliyopotea: haiuui, na katika baadhi ya mimea utitiri umeonekana kuongezeka baada ya kuitumia. Utitiri unahitaji abamektini, inyunyiziwe pia upande wa chini wa majani, kisha irudiwe baada ya wiki moja hivi ili kuwakamata walioanguliwa baadaye. Ijaribiwe kwanza kwenye jani moja, na isitumike karibu na tangi la samaki, kwani ni sumu kali kwao.

Vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ni kero zaidi kuliko hatari, ingawa mabuu yake hutafuna miche michanga. Bakteria wa Bacillus thuringiensis israelensis, wakichanganywa na maji ya kumwagilia, huua mabuu hayo bila kudhuru mmea. Pinguicula, mmea mwingine unaokula wadudu wenye majani yanayonata, nayo hunasa vijinzi vingi bila gharama.

Pareto iliyochanganywa katika maji inafaa kwa dharura, ila nguvu yake hupotea upesi kwenye mwanga. Mafuta ya mwarobaini ningeyaweka karibu na mkiani, licha ya sifa zake bustanini, kwa kuwa huganda juu ya tezi za Drosera na huweza kuunguza majani yaliyo chini ya taa. Mkiani kabisa ni sabuni ya kuulia wadudu: ukiuziwa kwa maelezo kwamba ni ya asili na haina madhara, jua kwamba majani ya Drosera huweza kuwa meusi baada ya kunyunyiziwa.