Uzoefu wangu: kuweka nukta za data juu ya picha kwa Matplotlib

Kikundi cha shangazi yangu kinalima mwani Paje, Unguja. Joto likizidi mwani hugeuka mweupe, ukakatika na kuchukuliwa na maji, lakini si kwa wote: huyu anavuna, jirani yake kabaki na kamba tupu. Niliahidi kuwachorea hali hiyo. Picha ya droni iliyopigwa siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa, na juu yake nukta moja kwa kila shamba, nyekundu zaidi penye hasara zaidi.

Nilitumia Matplotlib, maktaba ya kuchorea ya lugha ya programu ya Python, ambayo marehemu John Hunter aliitoa mwaka 2003. Ni ya bure, na kazi yenyewe ni mistari miwili, wa kwanza unaweka picha na wa pili nukta (`ax` ni eneo la kuchorea, `lon` na `lat` ni longitudo na latitudo za mashamba):

ax.imshow(picha, extent=[39.5400, 39.5416, -6.2662, -6.2650])
ax.scatter(lon, lat, c=hasara, cmap="Reds", edgecolors="black")

Hiyo `extent` ndiyo inayoiambia picha ikae wapi duniani: kushoto, kulia, chini, juu. Ndipo nilipoumbuka. Sisi tuko kusini mwa ikweta, latitudo zetu ni hasi, nami kwa mazoea nikatanguliza -6.2650 kwa kuwa tarakimu zake ni ndogo. Programu haikulalamika hata kidogo. Picha ilitokea wima, nzuri kabisa. Kilichopinduka ni mhimili, nukta za kaskazini zikaangukia kusini. Laiti picha nayo ingepinduka ningeshtuka. Aliyegundua ni shangazi: "Mwanangu, mbona shamba langu umempa mtu?" Tangu siku hiyo kabla ya yote naweka nukta moja ya mahali ninapopajua, kigingi cha pembeni, nione imekaa palepale.

Mengine ni madogo. Usipochagua rangi, nukta zinatoka buluu, na juu ya maji ya Paje huzioni. Ule mzingo mweusi wa kila nukta (`edgecolors`) ndio ulioniokoa. Usihangaike na kipi kitangulie, kwani picha hukaa chini ya nukta hata ukiiita mwisho. Ila kwenye kuhifadhi kuwa macho: bila kugusa chochote, picha yangu ya pikseli 4000 kwa 3000 ilitoka mchoro wa 640 kwa 480, ukungu mtupu. Andika `dpi=300` (pikseli kwa kila inchi) ndani ya `savefig`, amri ya kuhifadhi, na mchoro wenyewe uupanue kwa `figsize`.

Kuna kosa ambalo si la Matplotlib. GPS ya simu hukosea mita tano hivi hata mahali peupe, na picha yangu yote ina upana wa mita 177 tu. Mashamba yaliyobanana nukta zake zilipandana, ikabidi nizisogeze kwa mkono nikiwa nimekaa na wenyewe.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa ule ukimya wake. Na kama droni yako ilipiga kwa kuinama badala ya kutazama chini moja kwa moja, au picha haijaelekea kaskazini, `extent` haitakufaa kitu. Inyooshe kwanza kwenye QGIS, programu ya ramani, nayo ni ya bure. Mimi nilijaribu kulazimisha picha moja ya hivyo, nikapoteza Jumamosi nzima.