eBay kwa muuzaji: wateja wapo, ulinzi mdogo

Kwa kununua eBay, lile soko la mtandaoni, iko poa sana, ila kwa sisi wauzaji wadogo huku Marekani nawapa nyota mbili tu. Mnunuzi akidai mzigo haufanani na maelezo ana siku 30 tangu aupokee, na nauli ya kuurudisha unalipa wewe muuzaji, sasa hapo ndo matapeli wanapopapenda, mtu anabaki na simu yako nzima anakurudishia mbovu yake ya zamani, kuthibitisha sasa, kazi kwelikweli. Na tangu 2008 huruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya, yani muuzaji mwenzako anayefuata hajui kabisa anauziana na nani, hii inaniuma mno. Wa kwenye mnada nao wapo, anapandisha dau mpaka anashinda alafu halipi, unasubiri siku 4 ndo ufute oda uanze upya. Mnaouza jamani pigeni picha namba ya IMEI (namba ya pekee ya kila simu) na mrekodi video mkifunga mzigo, na cha dola 750 kwenda juu hakikisheni mpokeaji anasaini, la sivyo akidai hajapokea hela imeenda. Vitu vya bei mimi siweki tena mnadani, naweka bei kamili na malipo papo hapo.