Bima ya teksi ya programu hapa Kisumu: walilipa, lakini siku 23 zilikuwa zangu

Asesa, mkaguzi aliyetumwa na kampuni ya bima baada ya ajali, alikuwa amechuchumaa mbele ya gari langu, Demio, akigonga madigadi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji pale Kibuye. Picha alikuwa ameshapiga kumi na kitu. Akauliza bila kuinua uso, "Mama, siku hiyo ulikuwa umebeba mteja?"

Nikamwambia ndiyo, wawili, nimewatoa Mamboleo nawapeleka Milimani. Akaandika, akahamia kwenye taa. Yakaishia hapo. Mwaka mmoja nyuma jibu hilo lingenimaliza.

Mwaka huo wa nyuma nilikuwa na bima ya gari la kibinafsi, na kazi nilikuwa nafanya ya teksi ya programu, wateja wakiniita kwa simu, kutoka alfajiri. Ajenti wa wakati huo alijua. Ndiye aliyeniambia, "Mama, tuandike la kibinafsi tu, utaokoa pesa, nani atajua?" Niliokoa kama elfu kumi na tano hivi, nikafurahi. Hakuniambia kwamba mkataba wa gari la kibinafsi haugusi safari ya abiria anayelipa, na kwamba kampuni ikigundua ina haki ya kukataa kutengeneza gari lako. Na kugundua si kazi: safari imo kwenye simu yako na kwenye simu ya mteja. Mwenzetu mmoja wa stejini yalimkuta hayo. Gari lake lilikaa gereji hadi nyasi zikaota chini yake.

Kwa hiyo mwaka huu nilichukua komprihensivu, yaani bima inayolipa na gari lako pia, ya teksi ya programu, imeandikwa hivyo hivyo kwenye mkataba. Kampuni sitaitaja, maana nina yangu ya kulalamika. Hesabu ilikuwa hivi: gari lilithaminiwa 650,000, wakatoza asilimia 6, yaani 39,000. Bima ya abiria wanne, 500 kwa kila kiti, 2,000. Ongeza tozo za serikali za asilimia 0.45 na stempu ya shilingi 40, ikafika 41,225. Ningechukua thadi pati peke yake ningelipa kidogo sana, lakini Sacco iliyonikopesha haikubali, na logbuku, hati ya umiliki wa gari, wanayo wao. Tena thadi pati humlipa uliyemgonga. Wewe na chuma chako mtajuana.

Pesa zote kwa mpigo sikuwa nazo. Ajenti mpya, kijana mpole sana, alinigawia: nalipa sehemu napata stika ya bima ya mwezi, nalipa tena, mpaka ikakamilika. Stika anatuma kwa simu, naichapisha saiba. Hapo nampa heko, kwa sababu kila stika ilipokaribia kuisha alinipigia mapema. Tena alinisomea mkataba mstari kwa mstari, na ndipo nilipojua kwamba mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akinishikia gari Jumapili bila leseni ya PSV, ile ya kubeba abiria, angeniangusha siku moja. Nilimnyang'anya ufunguo wiki hiyo hiyo. Hajaniamkia vizuri tangu hapo.

Sasa ajali. Kosa lilikuwa langu, sitazunguka. Mwezi wa nne, mvua ya jioni, Kondele chini ya daraja. Tuktuk mbele yangu ikasimama ghafla kumchukua mama mwenye gunia la omena, nami nilikuwa nikichungulia ramani. Nikaingia nyuma yake. Bampa, taa ya kushoto, madigadi, boneti ikanyanyuka kama mdomo. Kijana wa tuktuk alishuka, akazunguka chombo chake mara mbili, akasema, "Mama, umeniua." Hakuna aliyeumia. Omena zilimwagika kwenye maji, na hizo nililipa mimi mwenyewe papo hapo, kwa sababu yule mama hakuwa na muda wa kusikia habari za bima.

Nikapiga simu kwa ajenti, nikaandikisha kituoni, nikachukua abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, nikajaza fomu ya madai siku iliyofuata. Hapo nilikuwa mwepesi. Uzito ulianzia kwao. Asesa alifika siku ya 6. Barua ya kuruhusu gereji ianze kazi ilichukua siku 9 zaidi, na kila nikipiga simu nilijibiwa na msichana tofauti aliyeniomba nieleze upya tangu mwanzo. Gereji lazima iwe kwenye orodha yao; fundi wangu wa miaka yote, mzee wa Obunga, hayumo. Matengenezo yenyewe siku 8. Jumla 23.

Kazi ilikuwa safi, rangi imeshikana, huwezi kujua palipogongwa. Bili ilikuwa 86,000. Kisha eksesi, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe: kwangu ni asilimia 5 ya thamani ya gari, si ya bili. Hapo wengi huteleza. Nilidhani nitatoa elfu nne na kitu, nikatoa 32,500 kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Kampuni ikamalizia 53,500. Tuktuk pia waliitengeneza, bila kelele.

Lakini zile siku 23 hakuna anayezilipa. Siku nzuri, nikishatoa mafuta na kamisheni ya programu, ambayo kanuni za 2022 ziliiwekea kikomo cha asilimia 18, mimi hubaki na kama 1,800. Zidisha. Ni 41,400, yaani ada yote ya mwaka na chenji juu. Na Sacco haikuuliza gari liko wapi. Nilimuuliza ajenti kama kuna nyongeza ya kulipia siku za kukaa bure. Akasema kwa magari ya kibinafsi ipo, unapewa gari lingine la kutumia, ila kwa teksi kampuni yao haiuzi. Sisi tunaokula kwa gari ndio tusiouziwa!

Nyota tatu kati ya tano. Ajenti peke yake ningempa tano. Waliokaa na barua siku tisa wajigawie moja.

Stika inaisha mwezi ujao. Ameshapiga simu. Nimemwambia nitarudi, lakini kwanza aniandikie bei ya kupunguza ile eksesi, na anipe namba ya mtu mmoja wa madai atakayekumbuka jina langu nikipiga mara ya pili. Bei ameshaleta. Namba bado.